Akiba ya Marekani: mali bila daftari hupotea bila habari

(Maelezo haya yalisomwa redioni juma hili)

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuvuke bahari mpaka Marekani, lakini hatuendi kutazama majumba marefu. Tunakwenda kutazama karatasi moja ya kodi. Najua kodi si mazungumzo matamu, na kodi ya nchi ya watu ndiyo kabisa. Hata hivyo, nakuomba usizime redio. Wengi wetu mjini hapa tuna ndugu huko: dada muuguzi, kaka dereva wa malori, binamu fundi wa kompyuta. Watu hawa wanajiwekea akiba ya uzeeni. Miongoni mwa wenye akiba kama hiyo wako wanaolipia kodi dola ile ile mara mbili, na hakuna sheria iliyowalazimisha. Wanalipa mara ya pili kwa sababu kuna karatasi moja haikujazwa.

Tuanze mwanzo. Marekani kuna akaunti ya akiba inayoitwa IRA. Watu wa rika langu wakizisikia herufi hizo huwakumbuka wale wapiganaji wa Ireland. Hao hawamo katika mazungumzo yetu. Hii ni akaunti ya uzeeni ambayo mtu hujifungulia mwenyewe, benki au katika kampuni ya uwekezaji, mbali na mfuko wa pensheni wa mwajiri wake. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1974, iliyotiwa saini na Rais Gerald Ford. Mpango wake wa asili ulikuwa rahisi. Unaweka fedha leo, na kiasi ulichoweka kinaondolewa katika mapato yako yanayotozwa kodi mwaka huo. Fedha inakaa, inazaa, na kodi utailipa siku utakapoitoa uzeeni. Serikali haikukusamehe kodi, imekubali tu kukusubiri.

Mambo yalibadilika kwa sheria ya kodi ya mwaka 1986. Serikali ilisema kwamba mtu ambaye tayari ana mfuko wa pensheni kazini, na kipato chake ni kikubwa, hatapewa tena ile nafuu ya kodi. Kwa mwaka 2025, mathalan, mtu asiye na ndoa mwenye mfuko kazini alianza kupunguziwa nafuu hiyo mapato yake yalipofika dola 79,000, na alipofika dola 89,000 ikawa imekwisha kabisa. Lakini hebu sikiliza vizuri: mtu huyo hakukatazwa kuweka akiba, amenyimwa nafuu tu. Tangu mwaka 1987 anaruhusiwa kuweka katika IRA fedha ambayo imekwisha kulipiwa kodi.

Hapo ndipo shida ilipozaliwa. Ndani ya akaunti moja sasa kuna dola za aina mbili. Kuna dola ambazo hazijawahi kutozwa kodi, na kuna dola ambazo kodi yake ililipwa zamani. Kwa macho ni dola zile zile. Benki haijui ipi ni ipi, na wala haitakiwi kujua. Mamlaka ya kodi ya Marekani, inayojulikana kama IRS, nayo haijui mpaka iambiwe. Karatasi ya kuiambia ni Fomu namba 8606. Kazi yake kubwa ni kutunza kumbukumbu: katika akiba hii, kiasi hiki tumekwisha kukilipia kodi, msikiguse tena.

Sasa tuingize mgeni wa tatu. Mwaka 1997 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoleta akaunti nyingine, iliyoanza kutumika mwaka 1998. Akaunti hiyo inaitwa Roth, kwa jina la Seneta William Roth wa jimbo la Delaware. Hii inakwenda kinyume na ile ya kwanza. Unalipa kodi kwanza, unaweka, na ukifikisha umri wa miaka 59 na nusu, ikiwa pia imepita miaka 5 tangu uanze kuwa na Roth, unatoa fedha yako pamoja na faida yake yote bila kulipa hata senti. Kwa kijana mwenye miaka 30 ya kazi mbele yake, hiyo ni neema kubwa.

Lakini neema hiyo ina mlinzi mlangoni. Mwenye kipato kikubwa haruhusiwi kuweka fedha moja kwa moja katika Roth. Kwa mwaka 2025, mume na mke wanaopeleka hesabu zao pamoja walianza kubanwa mapato yao yalipofika dola 236,000, na kwenye dola 246,000 mlango ukafungwa. Asiye na ndoa alianza kubanwa kwenye dola 150,000 na kufungiwa kwenye dola 165,000. Usiseme kwamba hizo ni fedha za matajiri tu. Muuguzi anayefanya kazi za usiku na za ziada, akiwa na mume mhandisi katika mji wenye mishahara mikubwa, wanaweza kufika huko huku bado wanalipa deni la nyumba na kutuma karo nyumbani.

Watu hao wanafanyaje? Wanapita uani. Tangu mwaka 2010 sheria iliondoa kikomo cha mapato cha dola 100,000 kilichokuwa kinawazuia watu kuhamisha fedha kutoka IRA ya kawaida kwenda Roth. Basi mtu anaweka fedha iliyokwisha kulipiwa kodi katika IRA ya kawaida, kisha anaihamishia Roth. Mlango wa mbele umefungwa, wa nyuma uko wazi, na Wamarekani wenyewe wanauita hivyo hivyo, mlango wa nyuma. Si magendo. Serikali inaujua vizuri. Mwezi Novemba 2021 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada ambao ungeufunga, lakini Baraza la Seneti halikuupitisha, na mlango ukabaki wazi.

Sasa twende kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Chukua muuguzi wa mfano wetu. Mwaka 2025 aliweka dola 7,000, ambacho ndicho kiasi cha juu kwa mwaka huo kwa mtu ambaye hajafika miaka 50. Hakupata nafuu yoyote ya kodi. Baada ya muda mfupi fedha ikawa imezaa dola 40, naye akahamisha zote, dola 7,040, kwenda Roth. Hana IRA nyingine yoyote. Anadaiwa kodi ya kiasi gani? Jibu la haki ni kwamba anadaiwa kodi ya zile dola 40 tu, maana zile 7,000 zilikwisha kutozwa zikiwa mshahara. Kama anatozwa asilimia 24, kodi yake ni dola 9 na senti 60.

Lakini IRS inaona nini? Kampuni inayoshika akaunti hutoa karatasi inayoitwa 1099-R, nakala moja kwa mwenye akaunti na nyingine kwa IRS. Kwa kawaida karatasi hiyo huandika kwamba zimetoka dola 7,040, na katika kisanduku cha kiasi kinachotozwa kodi huandikwa dola 7,040 vilevile, pembeni pakiwa na alama inayosema kwamba kiasi halisi cha kutozwa hakijapimwa. Maana yake kampuni inasema: sisi tumetoa fedha, mambo ya kodi ulizeni mwenyewe. Mwenyewe naye asipoleta Fomu 8606, atanakili ile 7,040 kwenye hesabu zake, na kodi itakuwa dola 1,689 na senti 60. Tofauti ni dola 1,680, kwa karatasi moja. Na huo ni mwaka mmoja tu. Anayefanya hivyo miaka 10 mfululizo, hesabu ya hasara mtaipiga wenyewe.

Fomu ikijazwa, mambo hunyooka. Sehemu ya kwanza inaeleza aliweka kiasi gani bila nafuu. Sehemu ya pili inaeleza alihamisha kiasi gani kwenda Roth, na mwishoni inatoka ile dola 40. Kwenye ritani kubwa ya mwaka, Fomu 1040, mstari wa 4a utaonyesha dola 7,040 zilizotoka, na mstari wa 4b utaonyesha dola 40 za kutozwa. Basi.

Ndugu msikilizaji, mfano huo ulikuwa mwepesi kwa sababu muuguzi wetu hakuwa na IRA nyingine. Wengi wanayo. Mtu akiacha kazi hospitali moja na kwenda nyingine, mara nyingi huchukua akiba yake ya mfuko wa kazini, ule wanaouita 401(k), akaihamishia katika IRA. Fedha hiyo kwa kawaida haijawahi kutozwa kodi. Tuseme anazo dola 63,000 za namna hiyo. Anafungua IRA mpya kabisa, katika kampuni nyingine, anaweka dola zake 7,000, kisha anahamisha hizo hizo 7,000 kwenda Roth. Anajiambia: nimehamisha zile nilizolipia kodi, kwa hiyo sidaiwi kitu.

La hasha. Sheria inamwambia kwamba IRA zake zote za kawaida, hata zikiwa katika kampuni tano, ni gunia moja. Mnajua nyumbani ukimimina pishi 1 ya mchele wa Kyela na pishi 9 za mchele mwingine katika gunia moja, kila kibaba utakachochota kitakuwa na punje za aina zote mbili. Huwezi kumwambia mpishi achote wa Kyela peke yake. Ndivyo ilivyo hapa. Jumla ni dola 70,000, na zilizolipiwa kodi ni 7,000, yaani sehemu moja katika kumi. Kwa hiyo katika dola 7,000 alizohamisha, 700 tu ndizo hazitozwi. Dola 6,300 zinatozwa, na kwa asilimia 24 hiyo ni kodi ya dola 1,512.

Je, zile dola 6,300 nyingine alizozilipia kodi zimepotea? Hazijapotea, ikiwa ameziandika. Zimebaki ndani ya gunia, na Fomu 8606 inazitunza katika mstari wa 14, ili safari nyingine akitoa au akihamisha zihesabiwe katika mstari wa 2 wa fomu mpya. Hapo ndipo utakapoona kwa nini naiita fomu hii daftari. Na fomu hii haijazwi kila mwaka. Hujazwa mwaka ambao mtu ameweka fedha bila nafuu, au ametoa fedha wakati anazo hizo zilizolipiwa kodi, au amehamisha kwenda Roth. Inaweza kupita miaka 20 kati ya fomu moja na inayofuata. Nani atakumbuka?

Kuna mitego mingine mitatu ambayo ni vema ndugu zetu waijue. Mtego wa kwanza ni tarehe. Gunia halipimwi siku uliyohamisha fedha. Linapimwa tarehe 31 Desemba ya mwaka huo. Mtu anaweza kuhamisha fedha zake mwezi Machi akiwa hana IRA nyingine hata moja, akalala usingizi. Mwezi Oktoba anaacha kazi na kumimina 401(k) yake ndani ya IRA. Mwaka ukiisha, gunia limejaa, na hesabu yake ya Machi imeharibika. Aliye na akili ya mapema hufanya kinyume chake. Ikiwa mfuko wa mwajiri wake wa sasa unapokea, huhamishia huko zile dola ambazo hazijatozwa kodi, kwa sababu mfuko wa kazini hauhesabiwi katika gunia, wala Roth haihesabiwi. Lakini zile akaunti za waliojiajiri na za makampuni madogo, zinazoitwa SEP na SIMPLE, hizo zinahesabiwa.

Mtego wa pili ni miaka miwili. Sheria inamruhusu mtu kuweka akiba ya mwaka uliopita hadi siku ya mwisho ya kupeleka ritani, ambayo kwa kawaida ni tarehe 15 Aprili. Kuhamisha fedha kwenda Roth hakuna msamaha kama huo, kunahesabiwa mwaka ule ule kulikofanyika. Basi aliyeweka Februari 2026 kwa ajili ya mwaka 2025, na akahamisha Machi 2026, anahitaji fomu mbili. Ya mwaka 2025 inasema ameweka. Ya mwaka 2026 inasema amehamisha. Akiisahau ile ya kwanza, ya pili haina mahali pa kusimama.

Mtego wa tatu ni ndoa. Mume na mke wanaweza kupeleka ritani moja, lakini hakuna IRA ya watu wawili. Kila mmoja ana gunia lake, na kila mmoja ana Fomu 8606 yake. Gunia la mume halichafui mchele wa mke. Kadhalika, fomu ya mume haiwezi kusema kwa niaba ya mke.

Nilipokuwa nikiyasoma mambo haya nilijiuliza swali ambalo huenda nawe unajiuliza. Kwa nini serikali kubwa namna ile, yenye kompyuta za kila aina, inamwachia muuguzi kazi ya kukumbuka kwa miaka 30? Kila mwaka kampuni hupeleka IRS karatasi nyingine, Fomu 5498, inayoonyesha mtu ameweka kiasi gani. Lakini karatasi hiyo haisemi kama alidai nafuu ya kodi au hakudai. Tena muda wake wa kutoka huenda hadi mwisho wa Mei, wakati ritani nyingi zimekwisha kupelekwa. Kwa hiyo habari kamili iko kwa mtu mmoja tu duniani, naye ni mwenye akiba. Mimi naona huo ni mzigo mzito kwa mtu wa kawaida. Lakini ndiyo sheria ilivyo, na kulalamika hakujazi fomu.

Adhabu ya kutopeleka fomu hiyo, bila sababu ya msingi, ni dola 50. Watu huitazama adhabu hiyo na kuidharau. Kumbe adhabu ya kweli ni ile isiyoandikwa popote, ya kushindwa kuthibitisha kwamba fedha hii ni yako na ulikwisha kuilipia. Na tangu mwaka 2018, kwa sheria iliyopitishwa 2017, mtu akihamisha fedha kwenda Roth hawezi tena kuirudisha ilikotoka kama ilivyoruhusiwa zamani. Ukivuka umevuka. Kwa hiyo hesabu ipigwe kabla ya kuvuka.

Kwa aliyechelewa, milango haijafungwa yote. Fomu 8606 za miaka iliyopita zinaweza kupelekwa hata sasa, kila mwaka kwa fomu ya mwaka wake. Kama alikwisha kulipa kodi isiyostahili, anaweza kurekebisha ritani kwa Fomu 1040-X na kudai arudishiwe. Lakini kwa kawaida dai hilo lina muda wa miaka 3 tangu ritani ilipopelekwa, au miaka 2 tangu kodi ilipolipwa, ule utakaochelewa zaidi kwisha. Akimtafuta mhasibu, asimpelekee 1099-R peke yake. Amwambie pia: mwaka huu niliweka kiasi hiki, sikudai nafuu, na IRA zangu zote ni hizi. Mhasibu si mganga wa kupiga ramli, asiloambiwa hatalijua. Programu ya kompyuta nayo ni hivyo hivyo.

Sasa nije kwetu sisi tulioko huku. Mwenye IRA akifariki, anayerithi hurithi pia haki ya ile sehemu iliyokwisha kulipiwa kodi. Lakini atairithi vipi kama hajui kwamba ipo? Tumezoea kuuliza marehemu ameacha nyumba ngapi na fedha kiasi gani benki. Hatuulizi ameacha karatasi zipi. Mjane au mtoto asiyejua atajaza kwamba kila dola iliyotoka inatozwa, na serikali itapokea. Haitamwambia kwamba marehemu alikwisha kulipa, kwa sababu yenyewe itajuaje?

Basi jioni hii ukimpigia simu dada yako au mwanao aliyeko huko, baada ya salamu na habari za baridi, muulize swali moja: je, akiba yako ya uzeeni ina daftari? Akisema ndiyo, mwambie Fomu 8606 zote, 5498 zote na 1099-R zote zikae katika jalada moja mpaka dola ya mwisho itoke, na mwenzi wake alijue jalada hilo liko wapi. Akisema hapana, mwambie aanze na ile ritani ya karibuni na kurudi nyuma mwaka kwa mwaka. Wahenga hawakuijua Roth wala IRS, lakini walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tukijaaliwa, tuonane juma lijalo.